Chaza Anapona Lini? Swali Lililonishinda Darasani

Safari hii sitaandika habari za bumu kuchelewa wala maji kukatika hosteli, ingawa yote mawili tunayaishi. Nataka tuzungumze habari za chaza. Ndiyo, chaza yule wa baharini, mwenye ganda gumu, anayeng'ang'ania mwamba kama mpangaji asiyetaka kuhama. Kwa nini chaza? Kwa sababu kwa ajili yake nilitoa jibu la uongo darasani, na mkaguzi aliyekuja siku hiyo akanipa alama nzuri kwa jibu lile lile.

Ilikuwa hivi. Nilipangiwa shule moja ya sekondari ya pwani, mwendo mfupi tu kutoka baharini. Mada ya siku ile ilikuwa uchafuzi wa mazingira, nami nikachagua mfano wa meli ya mafuta. Nikachora ubaoni, nikaunganisha kwa mishale minne: meli inapasuka, mafuta yanamwagika, viumbe wanakufa, watu wanasafisha, bahari inapona. Picha ilipendeza. Mkaguzi alikuwa amekaa nyuma, kalamu mkononi. Binti mmoja wa dawati la pili akanyoosha mkono.

"Madam, mafuta yakishaondoka, chaza tunaanza kula lini?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa natafuta jibu. Nikasema kwa sauti nzito, "Maji yakishakuwa safi, na chaza wanakuwa safi." Akakaa. Mkaguzi akaandika kwenye fomu kwamba nayajibu maswali ya wanafunzi kwa kujiamini.

Wakati wa mapumziko yule binti akanifuata ofisini. Akaniambia mama yake huokota chaza kwenye mizizi ya mikoko maji yakipwa, huwachemsha, huwauza kwa mafungu, na hela hiyo ndiyo iliyomnunulia sare. "Sasa Madam, maji safi tunayajuaje? Mama yeye huangalia tu kama yanang'aa rangi rangi juu." Nikamwambia nitamjibu kesho. Kesho ikaja na maandalio ya somo lingine, keshokutwa hivyo hivyo, na TP ikaisha. Makala haya ni jibu nililomdai, yaani deni nililokuwa nalo kwake. Nayaandika hapa kwa sababu najua siko peke yangu. Wengi wetu wa Elimu tumewahi kujibu kwa sauti pale tulipokosa maarifa.

Kisa cha kujifunzia

Niliporudi nilitafuta mahali ambapo mafuta yalimwagika juu ya chaza wa kufugwa, na watu wakafuatilia kwa miaka, si kwa zile wiki mbili za magazeti tu. Nikapata kisa cha kaskazini-magharibi ya Ufaransa, eneo la Bretagne.

Tarehe 16 Machi 1978, meli kubwa ya mafuta iitwayo Amoco Cadiz, iliyopeperusha bendera ya Liberia, iliharibika usukani katika dhoruba. Ilikuwa imebeba mafuta ghafi kutoka Ghuba, ya Saudi Arabia na ya Iran. Meli ya kuvuta iitwayo Pacific ilijaribu kuiokoa, lakini haikufua dafu, na usiku ule Amoco Cadiz ikapanda miamba karibu na kijiji cha Portsall. Baadaye ikakatika. Ndani ya majuma machache shehena yote ilikuwa baharini, karibu tani 223,000 ukijumlisha na mafuta ya injini zake. Zaidi ya kilomita 300 za pwani zilichafuka.

Mashariki kidogo ya Portsall kuna mahori mawili membamba yanayoingia nchi kavu, Aber Benoît na Aber Wrac'h. Neno "aber" kwa lugha ya Kibretoni ni mlango wa mto, mahali bahari inapoingia na kutoka kila siku. Humo ndimo wakulima wa bahari walikofugia chaza, kwa sababu maji yametulia, chakula kipo kingi, na mawimbi makubwa hayafiki. Sifa hizo hizo zinazofanya hori liwe zuri kwa chaza ndizo zinazolifanya liwe baya mafuta yakiingia. Yakishaingia, nani atayatoa? Inakadiriwa kwamba tani 9,000 za chaza katika mahori hayo na ghuba ya jirani ziliteketezwa, ama kwa kuwa wamechafuka, ama ili wanunuzi wasipoteze imani na soko zima.

Hebu soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Si chaza wote waliouawa na mafuta. Wengi walikuwa hai, wakatolewa na kuharibiwa na wenyewe waliowafuga. Hapo mshale wangu wa tatu, ule wa "viumbe wanakufa", ukaanza kunitia aibu.

Chaza anakula vipi?

Ili tuelewe, turudi kwenye biolojia. Chaza hana mdomo wa kutafuna wala miguu ya kufuata chakula. Hufungua ganda kidogo, huvuta maji, na matamvua yake hufanya kazi mbili kwa pamoja. Hupata oksijeni, na pia huchuja vijimea vidogo sana vinavyoelea, ambavyo ndivyo chakula chake. Chaza mkubwa, mazingira yakiwa mazuri, anaweza kupitisha zaidi ya lita mia moja za maji kwa siku. Fikiria ndoo tano za lita ishirini zikipita kwenye mwili unaoenea kiganjani. Ndiyo kazi yake, usiku na mchana.

Sasa mafuta yakimwagika hayabaki kuelea juu tu kama tunavyochora. Mawimbi huyapiga na kuyachanganya na maji mpaka yanakuwa rojorojo zito la kahawia. Mengine huvunjika kuwa matone madogo mno yasiyoonekana kwa macho, na kwa chaza tone la ukubwa huo ni kama chakula kingine chochote kinachoelea. Mengine hushikana na chembe za udongo na kuzama. Watafiti waliojaribu kupiga hesabu ya mafuta ya Amoco Cadiz walikadiria kwamba asilimia 30 hivi yalivukizwa hewani, asilimia 28 yakaishia ufukweni, na asilimia 8 yakalala kwenye mashapo chini ya maji. Asilimia 8 inasikika ndogo. Lakini asilimia 8 ya tani 223,000 ni karibu tani 18,000, zimekaa kitandani mwa bahari, chini ya pua ya chaza, kama angekuwa na pua.

Kuna jambo la pili. Mafuta ghafi ni mchanganyiko wa haidrokaboni nyingi. Zilizo nyepesi huruka mapema. Zilizo nzito, hasa zile zenye pete kadhaa zilizoungana, hukaa, na baadhi yake zinajulikana kusababisha saratani. Samaki ana ini lenye vimeng'enya vya kuzivunja kwa haraka kiasi. Chaza na jamaa zake uwezo huo ni mdogo sana. Kwa hiyo kinachoingia mwilini mwake hujilimbikiza, na hujilimbikiza hasa kwenye shahamu, kwa sababu haidrokaboni hupenda kuyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Ndiyo maana chaza aliyenona, yule anayependwa sokoni, anaweza kubeba uchafu mwingi kuliko chaza mwembamba aliyekaa jirani yake.

Kumbe basi, maji na chaza ni vitu viwili tofauti. Maji ya leo yanaeleza habari za leo. Nyama ya chaza inaeleza habari za majuma yaliyopita. Wanasayansi wanaofuatilia uchafuzi wa pwani duniani huwatumia chaza na kome kwa sababu hiyo hiyo, kama walinzi wasiolala. Jibu langu la darasani lilikuwa limekosea hapo.

Je, anajisafisha?

Anajisafisha, ndiyo, lakini kwa masharti. Ukimtoa chaza kwenye maji machafu ukampeleka kwenye maji safi, sehemu kubwa ya haidrokaboni hutoka ndani ya wiki chache. Hizo ni habari njema, na wakulima wengine duniani wameokoa mali zao kwa kuhamisha chaza namna hiyo. Lakini majaribio yaliyofanywa Marekani miaka ya 1970 yalionyesha kwamba baada ya ule mtoko wa kwanza kiasi fulani hugoma. Hubaki ndani, hutoka polepole mno. Na kabla ya hapo, baada ya mafuta kumwagika Massachusetts mwaka 1969, watafiti waliwahamishia chaza waliochafuka kwenye maji safi, na miezi sita baadaye mafuta yakawa bado yamo mwilini. Kwa hiyo muda unategemea aina ya mafuta, muda ambao chaza aliishi nayo, na unene wake. Hakuna tarehe moja ya kuandika ubaoni.

Na hayo ni kwa chaza aliyehamishwa. Aliyebaki pale pale je? Hapo tope ndilo linaloamua. Kwenye miamba ya wazi ya Bretagne mawimbi yalisugua, jua likachoma, bakteria wakala, na hali ikarudi kwa kasi iliyowashangaza watu. Kwenye mahori yaliyotulia mambo yakawa mengine. Tope laini la Aber Benoît lilihifadhi mafuta, na ndani ya tope hakuna oksijeni ya kutosha kwa bakteria kufanya kazi yao. Kila bamvua, kila dhoruba, kila nanga inayoburutwa, tope huchafuka na kurudisha kidogo majini. Chaza anavuta tena. Juu maji ni maangavu, watalii wanapiga picha, na chini ugavi unaendelea taratibu. Miaka saba baada ya ajali watafiti walikuwa bado wanawafuatilia chaza wa huko, wakipima haidrokaboni miilini mwao na kutafuta kasoro kwenye tishu zao.

Mgonjwa asiyelalamika

Tukisema chaza "mzima" tunamaanisha nini? Swali hili lilinipa shida kuliko yote. Ng'ombe akiumwa utamjua, anaacha kula, anasimama peke yake. Kuku anashusha mabawa. Chaza akiumwa anafanana kabisa na chaza mzima. Amefunga ganda, kanyamaza.

Kwa hiyo wataalamu hupima mambo kadhaa. La kwanza ni uzito wa nyama ukilinganishwa na ganda. Chaza aliye kwenye dhiki hutumia akiba yake, nyama inasinyaa ndani ya ganda lile lile. La pili ni ukuaji. Ganda huongezeka ukubwa msimu hadi msimu, na likisimama kuna sababu. La tatu ni uzazi, yaani kama mayai na mbegu vinakomaa. La nne ni kukata vipande vyembamba vya tishu na kuvitazama kwa hadubini, hasa matamvua na tezi ya mmeng'enyo, kwa sababu hizo ndizo sehemu zinazokutana na uchafu kwanza. Humo huonekana kuta zilizokonda, seli zilizokufa, au seli za kinga zilizojazana mahali zisipotakiwa kuwa nyingi.

Sasa angalia tofauti iliyopo. Chaza anaweza kuwa mzima, ananenepa vizuri, na bado hafai kuliwa kwa sababu ya kile alichobeba. Na anaweza kuwa amekwisha kutoa sumu yote, anafaa kuliwa, lakini mwili wake bado una makovu na uzazi wake uko chini. Afya ya chaza na usalama wa mlaji ni vipimo viwili. Mimi nilivichanganya kwa sentensi moja.

Tusimsingizie mafuta kila kitu

Hapa pana somo ambalo hata nisingekuwa mwalimu ningependa kulijua. Mkulima wa Aber Wrac'h mwaka 1980, akikuta chaza wake wamekufa, angesema nini? Bila shaka angesema ni mafuta. Nani angemlaumu?

Lakini historia ya mahori yale haikuanza 1978. Miaka kumi kabla ya ajali, mwaka 1968, chaza bapa wa asili ya Ulaya walianza kufa humo humo kwa ugonjwa unaoletwa na kidudu kiitwacho Marteilia. Ukaitwa ugonjwa wa Aber, kwa jina la mahali pale. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 chaza wa Kireno waliokuwa wakifugwa Ufaransa walimalizwa na ugonjwa wa virusi, na wafugaji wakaleta chaza wa Kijapani kuziba pengo. Halafu mwaka 1979, mwaka mmoja tu baada ya mafuta, kidudu kingine kiitwacho Bonamia kikagunduliwa Bretagne, upande wa kusini, kikawashambulia tena wale chaza bapa. Uzalishaji wa chaza bapa Ufaransa ulishuka kutoka karibu tani 20,000 kwa mwaka hadi chini ya tani 2,000.

Kwa hiyo ukimkuta chaza mgonjwa kwenye maji yaliyowahi kumwagikiwa mafuta, unaweza kuwa unaangalia mafuta, au kidudu, au vyote viwili kwa pamoja. Utatofautishaje? Kwanza, uwe na kundi la kulinganisha, chaza wa umri na aina ile ile kwenye hori ambalo mafuta hayakufika. Pili, uwe na kumbukumbu za kabla ya ajali. Bila hivyo viwili unabaki na huzuni na mshukiwa mmoja. Tuliosoma mbinu za utafiti mwaka wa pili tukilalamika kwamba kundi la kulinganisha ni nadharia tupu, haya sasa, hii hapa kazi yake.

Mfano mwingine uko Louisiana, Marekani. Tarehe 20 Aprili 2010 mtambo wa Deepwater Horizon ulilipuka, watu 11 wakafa, na kisima kikamwaga mafuta kwa siku 87. Ili kuyazuia yasiingie kwenye mabwawa ya pwani, wakubwa wa jimbo waliamuru malango ya Mto Mississippi yafunguliwe, maji baridi yasukume mafuta nje. Nia ilikuwa njema. Lakini chaza wanahitaji chumvi. Maji yalikaa bila chumvi ya kutosha kwa muda mrefu, na sehemu kubwa ya chaza waliokufa katika maeneo hayo waliuawa na maji ya mto. Hasara ya chaza wote wa pwani ile ilikuja kuhesabiwa kwa mabilioni.

Hata kusafisha kunaumiza. Bretagne kulikuwa na mabwawa ya chumvi ya Île Grande yaliyojaa mafuta. Sehemu moja ilisafishwa kwa mitambo mizito, iliyochimba tope pamoja na mizizi. Sehemu nyingine iliachwa. Miaka ilipopita, ile iliyoachwa ilirudi kuota majani mapema kuliko ile iliyosafishwa. Simaanishi tukae tu tukitazama. Namaanisha mshale wangu wa nne, kutoka "watu wanasafisha" kwenda "bahari inapona", haukuwa na haki ya kunyooka vile.

Na gharama ni ya nani?

Mfugaji wa chaza hawezi kupanda leo akavuna mwezi ujao. Chaza wa Kijapani huchukua kama miaka miwili hadi mitatu kufikia ukubwa wa sokoni. Ukiharibu mavuno ya mwaka mmoja umeharibu na ya miaka inayofuata, maana wadogo nao walikuwa mle mle majini.

Vijiji vya Bretagne viliungana, vikiongozwa na Alphonse Arzel, meya wa Ploudalmézeau, wakaishtaki kampuni ya mafuta huko huko kwao Marekani, katika mahakama ya Chicago. Mwaka 1984 jaji akaamua kwamba kampuni inawajibika. Mabishano ya kiasi cha fidia yakaendelea mpaka 1992. Miaka kumi na minne! Mtoto aliyezaliwa siku meli inapanda mwamba alikuwa amefika umri wa kidato cha kwanza kwetu. Na walishinda kwa kuwa walikuwa na vipimo, kumbukumbu na hesabu. Mahakama haipokei "tunajua tu kwamba ni mafuta".

Leo nanga ya Amoco Cadiz imewekwa bandarini Portsall, watu wanaitazama. Chaza wanafugwa tena kwenye mahori yale. Kwa hiyo ndiyo, bahari ilipona, au tuseme ilifika mahali pa kuruhusu kazi kuendelea. Ila ilichukua miaka, na haikupona yote siku moja.

Jibu nililopaswa kutoa

Tusijidanganye kwamba haya ni ya Wafaransa. Mwaka 2005 meli ya mafuta ilivujisha mafuta kwenye hori la Port Reitz, Mombasa. Mwaka 2020 meli Wakashio ilikwama Morisi na kumwaga takriban tani 1,000. Meli za mafuta zinaingia bandari zetu kila wiki. Kwa hiyo binti yule hakuuliza swali la kuchekesha. Ningerudishwa darasani leo, ningefuta ule mchoro na kujibu hivi:

Mafuta yakimwagika, uokotaji usimame siku hiyo hiyo, na kama kuna chaza wa kufugwa wanaoweza kuhamishwa kabla mafuta hayajafika, wahamishwe. Usiamini macho. Rangi rangi juu ya maji ikiwepo ni onyo, lakini isipokuwepo si ruhusa. Usiamini chungu pia. Kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi haidrokaboni. Kipimwe kilichomo kwenye nyama ya chaza, si maji peke yake, na kilinganishwe na chaza wa sehemu ambayo haikuchafuka. Lipimwe na tope. Kipimo kirudiwe, maana kimoja kinaweza kuangukia siku nzuri. Wanusaji na waonjaji waliofundishwa wahakikishe hakuna harufu ya mafuta. Hori lifunguliwe kipande kwa kipande, si yote kwa tangazo moja. Na muda wote huo wanaoishi kwa kuokota chaza wahesabiwe kuwa wamepoteza kazi, kwa sababu wamepoteza.

Halafu ningeongeza sentensi ambayo mkaguzi pengine asingeipenda: "Tarehe kamili siijui, na hakuna anayeijua kabla ya kupima."

Jambo moja yule mama anaweza kulifanya hata sasa, kabla ya meli yoyote. Aandike. Anaokota wapi, kiasi gani, chaza wa ukubwa gani, mwezi gani wamenona, mwezi gani wamekonda. Daftari la shilingi mia tano linatosha. Siku ikitokea balaa, daftari hilo ndilo litakalokuwa kumbukumbu ya kabla, ile ambayo mahali pengi huwa haipo. Nimemwandikia barua yule binti nikamweleza haya yote, pamoja na kuomba radhi kwa jibu la kwanza, nikaipitisha kwa mwalimu mwenzangu niliyemwacha pale. Amenijibu kwamba binti ameipokea, na ameuliza kama daftari liwe la mistari au la hesabu.

Maswali ya kujadili

1. Eleza kwa nini maji ya hori yanaweza kuonekana safi huku chaza waliomo bado wamechafuka.

2. Chaza wa hori A wamekonda kuliko wa hori B. Hori A lilimwagikiwa mafuta miaka mitatu iliyopita. Taja mambo matatu ambayo ungeyachunguza kabla ya kusema chanzo ni mafuta.

3. "Kusafisha haraka ni bora daima." Jadili kwa kutumia mfano wa Île Grande na wa Louisiana.

4. Kwa wanafunzi wa Elimu: mwanafunzi akikuuliza swali usilolijua mbele ya mkaguzi, utasema nini? Andika sentensi yenyewe, neno kwa neno, halafu ijaribu kwa sauti.